Mtumbwi wa Baba

Rafiki yangu mpenzi,

Salaam nyingi baada ya kimya kirefu. Mimi ni mzima, na natumai barua hii itakukuta nawe u mzima.

Tangu uniazime kile kitabu cha hadithi fupi zilizotafsiriwa kutoka Kireno, nimeirudia mara tatu hadithi ya João Guimarães Rosa, aliyoitoa huko Brazili mwaka 1962, ya baba aliyeagiza achongewe mtumbwi mdogo ulio imara, wa kudumu majini miaka 20 au 30, akaingia nao mtoni pasipo kueleza neno, asivuke ng'ambo wala asirudi nyumbani. Mwanawe humwekea ukingoni sukari guru, mkate na ndizi. Dada anaolewa, mama anahama, mvi zinamjaa kijana mwenyewe, naye hajaondoka. Siku moja anampungia baba kitambaa, anamwambia kwamba amekwisha zeeka, arejee, yeye atashika nafasi yake. Baba anasimama, anainua mkono, anaanza kuja. Hapo mwana anatimua mbio.

Nilikifunga kitabu. Nilimkumbuka marehemu baba barazani, akinisimulia kwa mara ya kumi safari yake ya ujanani, nami nikiitikia "ndiyo, baba" huku jicho langu liko kwenye saa ya mkononi. Aliniona, nina hakika, kwa kuwa alinyamaza katikati ya sentensi na kuanza kukunja msala wake taratibu.

Ile ya Clarice Lispector nayo ilinichoma, ya bibi wa miaka 89 aliyevalishwa na kuketishwa mezani tangu saa nane mchana, peke yake, kungojea wageni wa sikukuu yake ya kuzaliwa. Lakini mtumbwi ndio unaonikosesha usingizi, nami nimeanza kuufasiri kwa Kiswahili.

Wewe uliyekisoma Kireno nisaidie. Mama anapomuaga mumewe husema "Cê vai, ocê fique, você nunca volte!", neno moja la kumtaja mtu likirefuka mara tatu kadiri uchungu unavyopanda. Tafsiri ya Kiingereza haina namna ya kulifuata. Sisi tunayo, naona: "We nenda, wee kaa, wewe usirudi kamwe!" Je, inasikika kama mke aliyeumia, au nimeipa ukali kupita kiasi? Nijibu kabla sijaigusa sehemu ile ya mwana kukimbia.

Wako akupendaye daima.