Anko, ile timu ya mkoa uliyosema haiwezi kudumu

Shikamoo anko. Najua hii utasomewa na mtoto wa dada kwa simu yake maana yako haifiki adhuhuri bila kuzima, basi mwambie asiruke mistari. Nakujibu hadharani kwa sababu na we ulinisema hadharani, kwenye grupu la familia, eti kijana wa Tanga kaenda Muscat kutafuta riziki sasa kageuka shabiki wa basketi ya Wafilipino. Alafu ukamalizia na lile neno ambalo limenikaa kichwani wiki mbili sasa, kwamba timu ya mkoa bila tajiri ni jahazi bila tanga, itaelea tu ila haifiki.

Sasa ngoja nikwambie hii basketi niliipatia wapi. Rumu yetu tuko sita, na kitanda cha chini yangu analala Mfilipino mmoja, mpishi, mtu wa mkoa wa Pampanga, na ukimwita Mfilipino tu anakusahihisha, yeye ni Kapampangan, wana lugha yao na wanaamini hakuna anayewazidi kupika nchi nzima. Huyu jamaa ana jezi ya marehemu baba yake anayolalia. Imefubaa mpaka huwezi kujua ilikuwa rangi gani, namba mgongoni imebanduka ikabaki alama ya gundi tu, na kwapani imeshonwa na uzi wa nguo nyingine. Nilimwuliza mbona huitupi, akaniangalia vile we ulivyoniangalia siku ile nilipokaa kwa bahati mbaya juu ya skafu yako ya Coastal Union, timu yetu ya Tanga. Nikajua hapa kuna habari.

Kumbe kwao ligi kubwa ya basketi, PBA, ilianza 1975, ndo ligi ya kwanza ya basketi ya kulipwa Asia, na watu wanaipenda kufa. Ila timu zake hazina kwao. Ni za kampuni. San Miguel ni bia, Ginebra ni jini, ile ya kunywa sio ya kupandisha, Meralco ni umeme, zamani kulikuwa na Toyota akichuana na Crispa ambao ni watu wa nguo. We fikiria ligi nzima iwe ni Mtibwa Sugar na Kagera Sugar, alafu hata hiyo Mtibwa haichezi kwao Turiani, karibu mechi zote ziko Dar. Mtu wa mkoani anashangilia kiwanda ambacho hajawahi hata kukiona geti lake.

Ndo 1998 ikaja ligi nyingine, MBA, nyuma yake kuna ABS-CBN, watu wa televisheni. Safari hii timu zikapewa majina ya kwao, Cebu Gems, Davao Eagles, Negros Slashers, Iloilo, Batangas, na wakacheza nyumbani na ugenini kama mpira unavyotakiwa, kanda ya kaskazini na kanda ya kusini, bingwa wa huku anakutana na bingwa wa kule. Pampanga wakapata yao, Pampanga Dragons.

Na hapa anko naomba usome taratibu. Mlima Pinatubo ulilipuka Juni 1991, na Pampanga iko pale pale chini yake. Watu wanadhani volkano ikishalipuka imeisha, kumbe yale majivu yamekaa juu ya mlima, kila masika mvua ikipiga yanashuka na maji, tope zito kama zege, linafuata mito linaingia mijini, miaka na miaka. 1995 likaufukia mji wa Bacolor. Kuna kanisa la zamani pale, San Guillermo, tope lililijaza karibu nusu ya kimo chake, na mpaka leo linatumika likiwa hivohivo, watu wanaingilia sehemu ambazo zamani zilikuwa madirisha. Jamaa anasema baba yake alipoteza nyumba kwenye hilo tope, wakahamia kwa ndugu, na miaka mitatu baadae huyo mzee asiye na nyumba akaenda kununua jezi ya Dragons, ndo hii anayolalia mwanae. Mkewe alinuna mwezi mzima.

Kocha wa Dragons alikuwa Aric del Rosario, yule aliyekuwa amechukua ubingwa wa vyuo mara nne mfululizo na chuo kikuu cha UST kule Manila. Na kiungo wao mchezeshaji, kama tungemwita hivyo kwenye soka, ni Ato Agustin, mtoto wa Lubao hukohuko Pampanga, alishakuwa mchezaji bora wa PBA 1992 akiwa na San Miguel. Mtu ameshacheza kwenye bia, ameshapata jina, miguu imeanza kuchoka, anarudi kuchezea kwao. Msimu wa kwanza tu wa ligi, wakakutana fainali na Negros Slashers, Dragons wakabeba. Bingwa wa kwanza wa ligi ile.

Sasa furahi, maana hapa ndo unashinda. Ligi ilikufa 2002. Ufilipino ni visiwa zaidi ya elfu saba, mechi ya ugenini sio basi la usiku na chipsi mayai njiani, ni ndege, watu kumi na tano na mizigo na hoteli, kila wiki, na hela kubwa ilikuwa inatoka kwa wale wa televisheni, walipoacha kutia timu zikaanza kudondoka moja moja. Bingwa wa mwisho walikuwa haohao Negros Slashers waliofungwa fainali ya kwanza. Wakachukua kombe, ligi ikafungwa. Bora hata wasingechukua, kuliko kuwa bingwa mtetezi wa kitu ambacho hakipo.

Lakini anko hukungoja mwisho wa hadithi. 2018 ikaanza kuchezwa ligi nyingine ya miji na mikoa, MPBL, aliyoianzisha Manny Pacquiao, bondia yule yule, na mwaka huohuo Pampanga wakaingia, sasa wanaitwa Giant Lanterns, Taa Kubwa. Usicheke jina. San Fernando, makao makuu ya mkoa, kila Desemba wanashindanisha taa za nyota za Krismasi, moja ina kimo cha nyumba, balbu maelfu, zinachezacheza kwa kufuata muziki. Na hazichezeshwi na kompyuta. Nyuma yake kuna mapipa ya chuma yamebandikwa tepu ya karatasi kwa mistari, mtu anayazungusha kwa mkono, na vibanio vya nywele vinagusa pipa, vikigusa chuma taa inawaka, vikigusa tepu inazima. Vibanio vya nywele anko! Nilimlazimisha jamaa anionyeshe video mara tatu.

Desemba 2023 wakawapiga Bacoor fainali tatu bila. Desemba 2024 wakawapiga Quezon tatu bila tena, timu ya kwanza MPBL kutetea ubingwa. Ndani yake kulikuwa na Justine Baltazar, mrefu wa Mabalacat, ambaye Julai 2024 alichaguliwa namba moja kwenye usajili wa PBA na Converge, akamalizia kwanza msimu wa nyumbani ndo akaenda. Na Arwind Santos, naye wa hukohuko, mchezaji bora wa PBA 2013, kwenye ubingwa wa 2023 alikuwa na miaka arobaini na mbili anaruka bado. Ukiniuliza mimi huyo ni Ato Agustin amerudi na sura nyingine.

Ila sikufichi, kocha wao kwenye ubingwa wa 2023 alikuwa gavana wa mkoa, Dennis Pineda. Gavana ndo alikuwa kocha. Kwa hiyo tajiri yupo, amevaa tu kofia ya serikali, na siku siasa ikigeuka sijui nani atalipa nauli. Hapo nakupa pointi yako, sikupi mbili.

Jamaa anaenda likizo karibuni. Nimempa hela aniletee jezi mbili, ya kwangu na yako, nimemwambia yako iwe XL kwa sababu ya tumbo. Ila usiende nayo uwanjani Mkwakwani, watu watauliza Coastal wamepata mdhamini gani.