Mabati tumepata, nani atatunza shule?

Mhariri, nipe nafasi kidogo. Mi nilisoma shule moja ya misheni huku kusini, zile serikali ilizichukua baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 kama ilivyokuwa Pugu kule alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka 1955, jina sitaji wenyewe watajijua. Mabweni waliyojenga mapadri bado yapo, tofali za kuchoma, kuta nene hatari, ila bati zimeoza, mvua ikinyesha usiku watoto wanahamisha magodoro, na vyoo ndo usiseme.

Sasa sisi wa zamani tuna grupu la WhatsApp, ahadi kibao, harambee ya kwanza emoji za makofi zilikuwa nyingi kuliko hela! Waliotuokoa ni parokia, wakatangaza sadaka maalumu, wakaleta mabati na saruji, mafundi waumini wenyewe, bweni moja likaezekwa.

Ila shule ya serikali, kanisa linajenga, sisi tunachanga, paa likitoboka kesho nani anapanda juu? Naomba halmashauri, parokia na sisi tuandikishane kabisa kabla ya mchango wa bweni la pili.

Mwanafunzi wa zamani, Songea