Mkiandika utabiri wa mafuta, tuwekeeni na matokeo yake

Ndugu Mhariri,

Heshima kwako. Naandika kuhusu hizi habari za mafuta kuisha duniani, maana zikitoka tu huku mwaloni Igombe utasikia ndo maana petroli imepanda, na kuna mwenye mtumbwi kaahirisha kabisa kununua mashine mpya kwa sababu hiyo. Ombi langu, mkiandika utabiri mpya wekeni na wa zamani ulivyotokea.

Mchukue Hubbert, mjiolojia wa Shell, mwaka 1956 alisema uzalishaji wa Marekani utafika kilele kati ya 1965 na 1970 halafu utashuka, na kweli 1970 ukafika kama mapipa milioni 9.6 kwa siku ukaanza kuporomoka, 2008 ilikuwa imebaki kama milioni 5. Alipatia kabisa. Ila kwa dunia nzima alisema kilele ni kama mwaka 2000, kwenye mapipa bilioni 12.5 kwa mwaka, na mwaka huo ulipofika dunia ikatoa zaidi ya mara mbili ya hapo! Wataalamu wa mafuta Campbell na Laherrère nao 1998 wakasema kilele cha dunia ni kabla ya 2010, ikapita. Na hiyohiyo Marekani wakaanza kupasua miamba ya shale (mwamba ulioshikilia mafuta ndani yake) kwa maji ya presha, 2023 wakawa wanatoa karibu milioni 13 kwa siku.

Mi naona walichokosea ni kuhesabu mafuta bila kuhesabu bei. Pipa lilipogusa dola 147 Julai 2008, mwamba ambao zamani kuuchimba ilikuwa hasara ukaanza kulipa.

Sisemi hayaishi, upande wa Uingereza kule Bahari ya Kaskazini kilele kilikuwa 1999 na mpaka leo hawajakirudia, na visima vya shale vyenyewe vinachoka haraka, mwaka wa kwanza tu vinashuka sana. Lakini bei anayolipa mvuvi leo ni soko la dunia, dola, kodi na usafiri wa kutoka pwani mpaka huku ziwani, hayo ndo ya kutuchambulia kila EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta nchini, wakitangaza bei mpya.

Na hili bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda mpaka Tanga linalopita hapo jirani Kagera na Geita, limetajwa la mapipa 216,000 kwa siku. Likishaanza kazi naomba kila mwaka mtuandikie walisema mangapi na yamepita mangapi.

Mdau wa uvuvi,
Igombe, Mwanza