Mwanangu, kalamu iweke chini kwanza

Tabata, Jumapili jioni

Neema mwanangu,

Mama yako kaniambia. Kwanza nilidhani kasikia vibaya, maana kwenye simu mnanong'onezana kama wezi. Mkopo wa mshahara, milioni 25, miaka saba, kiwanja huko Dodoma. Na kwamba mwisho wa mwezi unakwenda benki kusaini.

Usisaini. Nalisema mapema kabla sijaingia kwenye mengine, najijua nitapotea njiani.

Nimekaa uhasibuni serikalini miaka 34, mishahara ya watu imepita mezani kwangu mpaka nikawa naota tarakimu. Wako najua unaingiaje na unatokaje. Kodi ya mapato imechukua yake, mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya 3, halafu Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu 15. Hapo hujanunua hata chumvi. Sasa uweke na rejesho la benki mpaka ubaki na ile theluthi moja ya mshahara ambayo serikali imekataza makato yasiiguse. Theluthi ile ni sakafu, mama, na wewe unataka kulala sakafuni miaka saba.

Najua utasema nini. Ulishasema Krismasi kwenye kundi la familia: kodi ya jengo ingefuata thamani ya nyumba, na viwanja vilivyogeuka mapori navyo vikabanwa, wazee wangeviachia, bei ingeshuka, na ninyi mngenunua bila kukopa. Mimi nikakujibu, "Kamalize kwanza deni la Bodi." Mbele ya shangazi zako. Mama yako hakunisemesha mpaka kesho yake.

Hilo deni la Bodi. Mimi nimekaa Chuo Kikuu, Mlimani, 1979 hadi 1982 na sikutoa senti. Chakula, kitanda, hata warranti ya treni ya kurudi Same likizo. Wewe umesoma palepale, mmebebana kitanda kimoja wawili, na mpaka leo unakatwa. Kiwanja hiki cha Tabata nilikipata 1986 kwa barua ya ofa, na ada yake haikufika mishahara yangu miwili. Enzi hizo ardhi tupu hairuhusiwi kuuzwa. Ulikuwa unauza maendelezo, yaani migomba yako na msingi. Ikaja Sheria ya Ardhi ya 1999 ikatamka kwamba ardhi ina thamani, basi nikawa mtu mwenye mali bila kushika jembe. Jirani wa upande wa bomba kauza mwaka juzi kwa milioni 180. Nilipostaafu 2016 nikapewa nusu ya mafao kwa mkupuo, ndiyo iliyosimamisha vyumba vya uani. Wewe kwa kikokotoo cha mafao cha sasa mkupuo wako ni asilimia 40, na hiyo ni baada ya watu kupiga kelele sana.

Kwa hiyo usifikiri hesabu siioni. Ila mkisema kodi ya utajiri, mimi nasikia Msajili wa Majumba, ile ofisi ya serikali iliyokabidhiwa nyumba za watu. Mwaka 1971 nilikuwa na miaka 15. Nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi laki moja zikachukuliwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi Moshi mjini, duka chini, ghorofa juu. Kesho yake analipa pango kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Babu yako alicheka. Mimi sikucheka, sijui kwa nini, pengine kwa sababu yule mzee alikuwa akinipa peremende.

Halafu nyumba haizai hela kila mwezi. Wakinithaminisha kwa hiyo milioni 180, asilimia moja tu kwa mwaka ni milioni moja na laki nane. Pensheni yangu unaijua. Ning'oe bati niwapelekee?

Lakini ghorofa la matajiri wa Masaki kukatwa kodi ya jengo 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, na sisi wa Tabata 1,500, hapo sikubishii. Ghorofa moja tu la kule lingenunua mtaa wetu wote na msikiti wake.

Na wewe huko Dodoma, kodi ya jengo ya mwenye nyumba wako nani analipa? Kila ukinunua umeme wa kwanza wa mwezi, soma ile meseji ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, mpaka chini: kodi ya jengo inakatwa humo humo. Kodi ni ya mwenye nyumba, anayekatwa ni mwenye simu. Mwambie akurudishie, na umwambie kwa heshima.

Nakuambia hivyo kwa sababu yule mwalimu aliyepanga chumba changu cha uani amekuja na meseji zake zote za LUKU kaziandika kwenye daftari la shule, kwa mstari, tangu alipohamia Januari 2022. Elfu moja moja mpaka Juni 2023, kuanzia hapo elfu moja na mia tano. Nikajumlisha mara mbili nikitafuta kosa. Mpaka Desemba 2025 ni 63,000. Kijana wa umri wako, naye Bodi wanamkata. Nikamwambia tutaongea. Hiyo ni wiki ya tatu sasa, na asubuhi tukikutana bombani ananiamkia vizuri tu, jambo linalonichosha zaidi. Mama yako anasema nimpunguzie kodi ya chumba ya Februari. Nitaona.

Kiwanja changu kingine, kile cha Chanika, sikukitaja makusudi. Najua unakifikiria. Miaka 20 kimekaa pori, kodi ya ardhi nimeiacha ikalimbikizwa, nangoja bei ipande. Mama yako ananiuliza, ikipanda anunue nani, Neema? Sikupenda alivyouliza.

Panda treni ya SGR Ijumaa jioni uje. Jumamosi tukaangalie bikoni, yale mawe ya mpaka, nasikia mtu amepanda mihogo mpaka katikati. Sisemi nakupa. Kaka yako naye yupo, na hajui kama tunazungumza haya, kwa hiyo funga mdomo. Na Chanika siyo Dodoma, najua. Kinaweza kuuzwa. Ila uje kabla ya benki. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Shangazi zako niliwaambia binti yangu ndiye pekee kwenye lile kundi anayeijua sheria ya kodi. Hawakujibu kitu, wakatuma picha za maua.

Simtanki limepasuka kwenye mshono wa chini, tumeliziba kwa sabuni ya mche na linashikilia. Presha ya mama yako imetulia, ila chumvi anaiba. Mwembe umezaa sana mwaka huu, watoto wa jirani wametuachia kokwa. Karanga na unga wa muhogo nimempa kondakta wa basi akuletee, mfuko wa bluu, fundo mbili. Ukija, huo mfuko urudi nao, ni wa mama yako na ameshaniuliza.

Benki usiende.

Baba yako