Kahawa ya porini nayo iandikwe

Ndugu mhariri, salaam. Mimi msomaji wenu wa hapa Kirumba, kila jioni nipo kijiweni na wazee tunapiga kahawa na kashata huku gazeti lenu linapita mkono kwa mkono, na kila mkigusa kahawa ni bei tu, mnadani imepanda, imeshuka. Sikatai bei ni muhimu, ila kuna jambo linaniuma na silioni kwenye kurasa zenu.

Hii kahawa ya arabika inayolimwa Tarime na Kilimanjaro asili yake ni kichaka cha msituni jamani, kinaota chini ya miti mikubwa kwenye misitu ya milimani yenye ukungu, kusini magharibi mwa Ethiopia, na kidogo kule Boma Sudan Kusini na mlima Marsabit hapo Kenya. Misitu yenyewe inafyekwa, joto linapanda, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, wameshaiweka arabika ya porini kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Utafiti wa 2019 uliangalia aina 124 za kahawa za porini ukakuta kama asilimia 60 zina hali hiyo hiyo.

Mtu atasema mashamba si yapo, shida nini. Mjomba wangu Tarime shamba lake lilipigwa na chulebuni, ugonjwa wa kahawa, nilikuwa kwake likizo nikaona kwa macho yangu, punje bado mbichi ya kijani inatoka doa jeusi, doa linabonyea ndani, siku chache punje nzima nyeusi tii imekauka kwenye tawi, msimu ule hakuvuna kitu. Alikuja kutulia alipopanda miche mipya ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa hapa Tanzania, na usugu wa miche ile sehemu yake umetoka kwenye kahawa iitwayo Rume Sudan, ya huko huko Boma porini. Msitu ule ungeshafyekwa zamani mjomba leo angekuwa analima mahindi.

Na buni siyo mahindi useme utaihifadhi ghalani miaka na miaka, ikikaa sana haioti tena, lazima mti wenyewe uwe hai.

Halafu robusta, hii ya Bukoba tunayokunywa kijiweni, ndo mzazi mmoja wa arabika, mzazi mwingine ni kahawa ya pori ya ukanda wetu huu huu, nilipowaambia wazee walinyamaza wakaangalia vikombe.

Naomba mtume mwandishi Marsabit, mkiandika tutalisoma kwa sauti hapa kijiweni.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza