Barua kwa swahiba: Oxford hadi Goring kwa makasia

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kukuweka ukingoja jibu. Ujumbe wako niliupata siku ileile niliyorudi, una swali moja tu: "Nani kashinda?" Nimecheka peke yangu. Hakuna aliyeshinda, wala hapakuwa na cha kushindania. Ilikuwa matembezi ya klabu tu: mashua nne, watu wa kila rika, tukaushuka mto Thames kutoka Oxford hadi Goring, zaidi ya kilomita 40 kwa siku moja. Ila swali lako si la bure, maana wapo wenzetu walioshika makasia asubuhi ile wakiamini ni mashindano, na hao ndio nataka nikusimulie.

Kwanza mashua zenyewe. Usifikirie zile nyembamba kama sindano unazoziona kwenye Olimpiki. Hizi za safari ni pana, zimetulia majini, zina pa kuweka mabegi na chupa za maji. Wanakaa wapigaji wanne, kila mmoja na makasia mawili, na wa tano anakaa tezi, nyuma kabisa, kushika usukani. Huyo wa tano ndiye pekee anayeona mbele. Sisi wengine tunakwenda kinyumenyume, kwa hiyo daraja hulioni mpaka limeshakupita juu ya kichwa, na mji unaujua kwa mgongo wake. Usukani tunapokezana, na amini usiamini, ndiyo zamu inayochosha akili kuliko zote: lazima ukae upande wa kulia wa mto, uangalie boti za injini, uangalie waogeleaji, tena uangalie bata maji, ambao hawampishi mtu.

Wiki nzima kabla ya safari kiongozi wetu alikuwa akifuatilia mabango. Wakala wa Mazingira wa Uingereza, wanaousimamia mto huu mpaka pale maji ya bahari yanapoanzia, hutundika mabango kulingana na mkondo kwenye loki, vile vyumba vya kupandishia na kushushia mashua ambavyo nitakueleza sasa hivi. La manjano linawaonya wenye vyombo visivyo na injini wasitoke. Jekundu linamwonya kila mtu. Siku yetu halikuwepo hata moja, mto umelala, tukaingiza mashua majini saa moja na nusu asubuhi.

Sasa, loki. Kati ya Lechlade huko juu na Teddington karibu na London, Thames imezuiwa kwa vizingiti, na kando ya kila kizingiti kuna loki, jumla 44. Loki ni chumba kirefu cha kuta zilizosimama wima, kina milango huku na huku. Unaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaachiwa taratibu kwa mbele, nawe unashuka nayo mpaka yalingane na maji ya chini. Hapo mlango wa mbele unafunguliwa, unatoka. Ukisikia hivi ni jambo jepesi. Ukiwa ndani yake na mashua yenye mikono ya chuma ya kushikia makasia iliyochomoza ubavuni, si jepesi hata kidogo. Kamba huifungi, unaishika tu mkononi na kuilegeza kadiri unavyoshuka, kwa sababu ukiifunga maji yatashuka na mashua ibaki inaning'inia. Na ule mkono wa chuma ukinasa kwenye ukuta, mashua inalala upande kabla hujasema lolote. Loki ya Sandford ndiyo inayoshusha sana kwa sehemu ile. Nilikaa pale nimeweka kiganja kwenye ukuta, tofali baada ya tofali linapanda mbele ya macho yangu, kwanza kavu, halafu lenye utelezi wa kijani, maji yanachuruzika kwenye nyufa, na sauti zetu zinaanza kuvuma kama tumo kisimani. Juu, watu waliokuwa wamesimama kutuangalia walibaki viatu tu.

Wale wenzetu wa mbio walikuwa mashua ya tatu, vijana wanne waliozoea mashindano ya majira ya kiangazi. Kwenye mbio timu hupiga kasia mara 36 au zaidi kwa dakika. Sisi tuliambiwa 18, tusipite 20, kwa sababu mchana ni mrefu. Wakaitikia vizuri, wakatoka kama wamefukuzwa. Ikawa hatuwaoni. Tulipofika Iffley, loki ya kwanza, tukawakuta wameegesha, wanatafuna ndizi. Mtunza loki aliwauliza wenzenu wako wapi, wakasema wanakuja. Akawaambia basi wawasubiri, hawezi kumwaga maji ya loki nzima kwa mashua moja na nyingine tatu ziko njiani. Tukaingia wote pamoja, tukatoka wote pamoja. Wakakimbia tena. Sandford, kisa kilekile. Huko walisubiri juani mpaka mmoja wao akalala.

Karibu na Sandford pana kizingiti kinachoitwa Sandford Lasher, na kando yake imesimama nguzo ya mawe ya kuwakumbuka wanafunzi wa chuo cha Christ Church waliokufa maji pale. Tulipita mbali nacho. Wazee wa klabu walinyamaza kidogo, vijana nao wakanyamaza.

Loki ya Abingdon ndipo mambo yalipogeuka. Safari hii wale wa mbele hawakushuka mashuani kujinyoosha. Walibaki ubavuni mwetu wakishikilia mashua yetu, nasi tukishikilia yao, na maneno yakaanza. Mama mmoja aliyekuwa kiti cha mbele, amestaafu kazi, akamwonyesha kijana wao jinsi anavyokamua kasia kwa viganja vyote wakati vidole vinatosha. Kijana alikuwa na malengelenge tayari, na bado hatujafika hata nusu! Akajaribu hapohapo kwenye maji yaliyosimama, kasia linazunguka kwenye vidole, kifundo cha mkono kimenyooka. Nakuambia, mwalimu wake wa mbio huenda amemwambia hilo kila siku, lakini kulisikia huku umebanwa kwenye shimo la maji ni kitu kingine.

Chakula cha mchana tulikula Clifton Hampden, chini ya daraja la matofali mekundu. Sina la kusimulia hapo ila kwamba tulikula sana na kuinuka kulikuwa shida. Jambo ambalo hakuna anayekuambia kabla ni habari ya choo. Mikono inazoea, mgongo unazoea, lakini kunywa maji ya kutosha kutwa nzima na kukaa katikati ya watu wanne kunahitaji hesabu. Baadhi ya loki zina vyoo. Ukija, waulize mapema ni zipi, usijifanye mstaarabu.

Baada ya loki iitwayo Day's Lock kuna vilima viwili vya Wittenham, vina vichaka vya miti kileleni, na kwa kuwa mto unajikunja kunja unaviona kushoto, mara kulia, mara nyuma. Mshika usukani wetu aliapa vinatufuata.

Nilichokuwa nakingoja mimi ni kipande cha mwisho. Kutoka loki ya Benson hadi ya Cleeve ni kama kilomita 10 na nusu bila loki yoyote katikati, kipande kirefu kuliko vyote juu ya Teddington. Mto unanyooka, unapanuka, na timu ya Chuo Kikuu cha Oxford hufanya mazoezi yake papo hapo, Wallingford. Yaani kama ni uwanja wa kukimbilia, ndio huo, na hapakuwa tena na mlango wa kumngojesha mtu. Nikajisemea, haya, tuone.

Hawakukimbia. Walikaa upande wetu, kidogo nyuma, wakafuata pigo la yule mama aliyestaafu, 18 kwa dakika, mashua mbili zikawa zinachovya pamoja. Sidhani walihurumia mtu. Nadhani walikuwa wamechoka, ndiyo, lakini pia mazungumzo yalikuwa yamenoga na aliyekimbia angeyakosa. Tulipofika daraja la reli la Moulsford, kazi ya mhandisi Brunel ya mwaka 1839, mtu alisema tuache makasia. Mashua zote nne zikateleza zenyewe hadi chini ya matao. Daraja lile limekatiza mto kwa mshazari, kwa hiyo matofali ya ndani ya tao hayakulala sawa, yamepandishwa kwa kuzunguka mithili ya uzi kwenye parafujo. Kwa kuwa tumekaa tukitazama nyuma, tuliyaona yakifunguka juu yetu taratibu. Treni ikapita, ngurumo ikaingia kifuani, wote tukapiga kelele kama watoto.

Cleeve tulishuka jua likiwa bado liko juu, na kutoka hapo hadi Goring ni mwendo mfupi mno, kama kilomita moja tu. Wengine hata hawakuvaa tena kofia zao.

Kipande cha pili, Goring hadi Henley, klabu inakipanga kabla kiangazi hakijaisha, na nimekuwekea nafasi kwenye mashua yetu bila kukuuliza. Kina loki saba. Hutakiwi kuwa bingwa. Njoo siku mbili kabla tukufundishe kwenye maji tulivu. Lete kofia, nguo ya kubadilisha na kitu cha kukalia, maana kile kiti hakina huruma. Glavu ziache, zinakuzuia kulisikia kasia. Nijibu kabla ya Ijumaa niwape jina lako, na useme ukweli kama unajua kuogelea, kwa sababu watakuuliza.

Wako wa siku zote.