Kikao cha Jumamosi: mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa

Habari za asubuhi ndugu zangu. Jumamosi saa nne, pale pale, ajenda ni moja tu. Naomba tusiende kubishana mfumo upi unapendeza. Vituo vya afya vya halmashauri zetu hapa Mtwara, Newala hadi Nanyumbu, viko chini ya TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa na mapato, ulitengenezwa kwa ajili ya vituo hivyo. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya. Swali ni hili: mifumo ya pande hizi mbili inasomana, yaani taarifa za mgonjwa zilizoingizwa huku zinaonekana kule?

Majuzi nilimsindikiza mama mmoja aliyepewa rufaa kutoka zahanati. Daftari lake lilikuwa limelowa mvua, wino umetapakaa, majibu ya damu hayasomeki. Akatolewa damu upya, mtoto mgongoni. Imeniuma sana.

Kila mtu aje na hali ya kituo chake: umeme ukikatika mnafanyaje, mtandao ukipotea, madai ya bima yanatumwaje. Wahasibu msikose, mapato nayo yanapita humo humo. Nitaleta nakala ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na dada zetu wa mapokezi, tafadhali njooni, ninyi ndio mnaoushika mfumo kutwa nzima. Mwenye udhuru anijulishe leo.